Mwanagenzi na Ndege wa Umma

Kuna swali la maadili ambalo ni nadra kusikiwa katika kumbi za masomo, ingawa huulizwa kila mwaka mahali ambapo barabara hukoma na njia ya miguu huanza kupanda mlima. Swali lenyewe ni hili: mtu asiyejua kuwinda ana haki gani ya kujifunza kuwinda? Huulizwa katika vijiji vya Iringa vilivyo ukingoni mwa misitu ya Udzungwa, na huulizwa upande wa Mbeya, chini ya Rungwe na katika safu za Uporoto, ambako alfajiri ya kiangazi ina baridi ya kutia ganzi vidole vya mshika bunduki. Si swali la kama kuwinda ni wema au ni uovu. Hilo ni shauri kongwe, nalo limekwisha kupata mawakili wengi kwa pande zote mbili. Hili lamhusu mtu mmoja tu, mwanagenzi, katika siku zake za kwanza, wakati nia yake ni kubwa na maarifa yake ni haba.

Kila ufundi una uanagenzi wake, na kila uanagenzi una hasara yake. Mwanagenzi wa useremala huharibu mbao. Wa ushoni hukata kitambaa kombo. Wa ufinyanzi huvunja vyungu vingi kabla ya kupata kimoja kinachokaa juu ya mafiga. Katika kazi hizi hasara ya ujinga ina mtu wa kuilipa, na mtu huyo hujulikana. Ubao una mwenyewe, kitambaa kina mwenyewe, na fundi mkuu husimama karibu akiwa na jicho kali na ulimi mkali zaidi. Hata mwanafunzi wa uganga, ambaye kosa lake laweza kuwa kifo, hufanya kazi yake mbele ya mwalimu, na mgonjwa aliyelala kitandani amekubali kutibiwa. Mwanagenzi wa kuwinda hana lolote katika haya. Yuko peke yake mlimani. Anayelipa ujinga wake ni kiumbe asiyekubali wala asiyeweza kudai. Na mwenye mali, kama itakavyoonekana, hayupo.

Ndege ambao mwanagenzi wa nyanda hizi huanza nao ni kanga na kwale. Kanga ni ndege wa kundi. Mchana hutembea ardhini akichakura mbegu na wadudu, jioni hupanda mtini kulala, na alfajiri kelele zake hujaza bonde zima. Akishtushwa hukimbia kwanza kabla ya kuruka, na mbio zake katika mteremko zamshinda mtu yeyote. Kwale huishi wawili wawili au kwa vikundi vidogo; hujibanza majanini mpaka mguu wa mpitaji uwe karibu kumkanyaga, kisha hufumuka kwa kishindo kinachomfanya mgeni asahau kuwa ana bunduki mkononi. Katika misitu minene yuko kororo, jamaa ya kanga mwenye kishungi cheusi kichwani, ambaye husikika mara kumi kabla ya kuonekana mara moja. Hawa wote ni ndege wa ardhini, wazito kidogo, wenye nyama tamu, na kwa sababu hiyo wanaonekana wepesi kupatikana. Wepesi huo ni wa macho tu.

Na achukuliwe mfano wa kijana wa mjini Iringa, mwenye kazi yake na mshahara wake, ambaye amepata leseni kwa njia iliyo sawa na bunduki ya marisau iliyoandikishwa ipasavyo. Hana nia mbaya. Huenda babu yake aliwinda, na hadithi za babu ndizo zilizomtia hamu. Anapanda mlima siku ya kwanza, na baada ya saa tatu za kuhema anaona kundi la kanga likivuka uwazi ng'ambo ya korongo. Mlimani umbali hudanganya: kilicho ng'ambo ya bonde huonekana karibu, kwa kuwa jicho huruka juu ya shimo ambalo miguu ingelishuka na kulipanda. Bunduki ya marisau hutawanya chembe zake, na kupita mita 35 au 40 hivi chembe hizo huwa zimeachana mno hata haziwezi kuua kwa hakika; hujeruhi tu. Kijana hajui. Anaelekeza mtutu katikati ya kundi na kufyatua.

Wahenga walisema kuwa mlenga jiwe kundini hajui limpataye. Methali hii hutumiwa siku hizi kwa maneno ya mafumbo yasemwayo barazani, lakini maana yake ya kwanza ni ya mkono na ya jiwe, nayo yamfaa kijana huyu kuliko inavyowafaa wasengenyaji. Hakumlenga kanga yeyote. Alilenga kanga kwa jumla. Mmoja anaanguka, naye anashangilia. Wawili wameingia vichakani na chembe za risasi mapajani, nao hawatarudi mtini jioni hiyo pamoja na wenzao. Kijana anateremka na ndege mmoja na furaha tele. Hesabu ya mlima ni ndege watatu. Tofauti ya hesabu hizi mbili ndiyo kiini cha jambo zima. Mwindaji mzoefu naye huua, na pengine huua wengi kwa mwaka kuliko kijana huyu, lakini hesabu yake na hesabu ya mlima hukaribiana.

Kuna elimu nyingine ambayo kijana hana, nayo ni ya sikio. Dume na jike wa kanga hufanana kwa manyoya hata jicho lililozoea hutatizika. Mlio ndio huwatambulisha: jike hutoa mlio wa sauti mbili, wa kwanza mfupi na wa pili wenye kupanda, na dume hana desturi ya mlio huo. Mtu akikaa kimya alfajiri tatu au nne chini ya miti yao ya kulala atausikia na hataupoteza tena. Lakini nani hukaa kimya alfajiri nne siku za kwanza za kuwinda? Mwanagenzi hutaka kurudi na kitu.

Hapa yafaa kutoka nje ya njia kidogo, maana jamaa wa mbali wa kanga ana kisa chenye mafunzo. Bata mzinga, ambaye si bata, ni ndege wa mwitu wa Amerika. Wazungu walipomwona mara ya kwanza walimchanganya na kanga waliyemjua kutoka Afrika, na mpaka leo jina la kitaalamu la kanga, Numida meleagris, na la bata mzinga, Meleagris gallopavo, yanashirikiana neno moja, ambalo kwa Kiyunani cha kale lilikuwa la kanga. Waingereza wakazidisha mchafuko kwa kumwita ndege wa Marekani kwa jina la nchi ya Uturuki. Basi huyu bata mzinga alikuwa karibu kumalizika katika sehemu nyingi za Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, kwa bunduki na kwa kukatwa misitu. Leo wako mamilioni, na milima ya umma ya nchi ile hujaa wanagenzi kila majira ya kuchipua. Urejeo huo uligharimiwa kwa sehemu kubwa na wawindaji wenyewe, kwa kuwa tangu mwaka 1937 kodi ya bunduki na risasi iliwekewa fungu la kuwatunza wanyama. Na katika majimbo mengi, kwa majira hayo, huruhusiwa kupigwa dume tu, au ndege mwenye ndevu kifuani. Kwa hiyo sheria yao inamlazimisha mwanagenzi kujua jambo moja kabla ya kufyatua. Ni jambo dogo, la jicho tu, wala si kila kitu. Hata hivyo ni zaidi ya lile ambalo kundi la kanga ng'ambo ya korongo linamdai kijana wa Iringa.

Sasa kuhusu mwenye mali. Kanga wa mlimani ni wa nani? Kabla ya kuja kwa dola za kigeni, kila nchi ya nyanda hizi, Uhehe, Usangu, Unyakyusa, Usafwa, Ubena, ilikuwa na wakuu wake na desturi zake juu ya ardhi na vilivyomo. Mwaka 1896 Gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri juu ya wanyama wa Afrika ya Mashariki ya Kidachi, na kuwinda kukawa jambo la leseni. Wakati huo Mkwawa alikuwa bado akipigana katika Uhehe, naye hakuuawa moyo mpaka mauti yake ya mwaka 1898. Kwa hiyo amri ilitangulia kufika katika karatasi kabla ya serikali kufika mlimani. Waingereza waliifuata njia ile ile, na sheria yao ya mwaka 1951 juu ya hifadhi ya wanyama ndiyo iliyorithiwa na taifa huru. Mnamo Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya uhuru, Mwalimu Nyerere alitoa tamko mjini Arusha, ambalo lisichanganywe na Azimio la mwaka 1967, akiwachukulia wanyama wa mwitu kuwa ni dhamana inayopaswa kufikishwa kwa wajukuu. Sheria ya 1974, na baada yake sheria ya 2009, ziliendeleza maana hiyo: wanyama wote wa mwitu wa Tanzania ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wao kwa niaba ya wananchi.

Maneno haya ni mazuri, na uzuri wake haupunguzwi na ukweli kuwa hayaeleweki upesi. Mali ya umma ni mali ya kila mtu; na mali ya kila mtu, katika mwenendo wa watu wengi, hugeuka kuwa mali ya asiyekuwapo. Mtu hamwibii jirani kuku wake kwa kuwa jirani atamtafuta. Kanga wa mlimani hatafutwi na mtu. Akifa vichakani na marisau mapajani, hapana mama atakayetoka uani kuhesabu vifaranga. Lakini neno dhamana lina uzito kuliko neno mali, maana dhamana ni kitu cha mwingine kilichowekwa mkononi mwa mtu, naye akabidhiwe bila kujua siku ya kuulizwa. Mwanagenzi anayepanda mlima na leseni hachukui chake. Anachukua kidogo katika kilicho cha wengi, na wengi hao ni pamoja na watu ambao hawajazaliwa. Ikiwa ni hivyo, basi kinachopaswa kuulizwa si kama amelipa ada. Aliyekwisha lipa ada amemaliza deni moja; lipo la pili, la kukijua anachokichukua.

Neno hili la kujua laweza kuonekana kama unadhifu wa wasomi. Kisa cha Ndundulu chaonyesha kuwa si hivyo.

Ndundulu ni msitu wa milima ya Udzungwa, katika upande wa Iringa, mahali pa ukungu na miti mirefu na ardhi iliyofunikwa majani makavu. Mwaka 1991 wataalamu wa ndege kutoka Denmark walikuwa wakifanya uchunguzi katika misitu hiyo. Inasimuliwa kuwa jambo kubwa la safari ile halikuonekana mtini wala kwenye darubini, bali ndani ya sufuria ya chakula kambini: miguu ya ndege ambayo haikufanana na miguu ya kwale yeyote aliyejulikana katika Afrika. Aliyekwisha kupikwa alikuwa ndege asiyekuwa na jina katika kitabu chochote cha elimu. Mwaka 1994 alipewa jina, Xenoperdix udzungwensis, na jinsi yake mwenyewe, kwa kuwa ndugu zake walio karibu hawakuonekana kuwa kwale wa Afrika, bali ndege wa misitu ya milima ya Asia. Alikuwa mabaki ya zamani sana, wakati misitu ya pande hizi mbili za bahari ilipokuwa na uhusiano ambao sasa umekatika. Wengine wa namna yake waliokuja kutambuliwa wako katika milima ya Rubeho. Kwingineko duniani hayuko.

Na afikiriwe vizuri mwenye sufuria ile. Kwake yule alikuwa kitoweo, wala hakuna wa kumlaumu. Njaa ya kambini ni njaa, na nyama ilikuwa nyama. Walakini ndani ya mvuke wa mchuzi ule palikuwa na kiumbe ambaye hapana awezaye kumrudisha akipotea. Kisa hiki hupenda kusimuliwa kwa kicheko. Chastahili kusimuliwa kwa sauti ya chini zaidi, maana chaonyesha kuwa katika milima hii mtu aweza kuua asichokijua, na kukila, na kufuta kinywa.

Upande wa pili wa kisa hicho uko Mbeya. Wawindaji wa kandokando ya mlima Rungwe walikuwa wakimtaja kima mmoja mwenye haya, aishiye juu mitini, jina lake kipunji. Watafiti waliozisikia habari hizo hawakuwa na hakika mwanzoni kama ni mnyama wa kweli au ni wa hadithi. Mwaka 2003 walimwona. Mwaka uliofuata, watafiti wengine walimkuta katika Ndundulu, msitu ule ule wa miguu ndani ya sufuria. Mwaka 2005 habari zake zikatangazwa kwa ulimwengu, na mwaka 2006 akapewa jinsi mpya iliyobeba jina la mlima, Rungwecebus. Magazeti yaliandika kuwa amevumbuliwa. Watu wa Rungwe walikuwa na jina lake tayari, na jina haliwekwi juu ya kitu ambacho hakijaonwa.

Hapo ndipo jambo linapokuwa chungu. Aliyemjua kipunji kabla ya vyuo vikuu alikuwa mwindaji wa kijijini, na aghalabu mwindaji huyo hakuwa na leseni. Kwa sheria ni jangili. Ana maarifa pasi na ruhusa. Kijana wa mjini aliyepiga kundi la kanga ng'ambo ya korongo ana ruhusa pasi na maarifa. Mmoja akikutwa na askari wa wanyamapori atafikishwa mahakamani. Mwingine atatakiwa heri na kuruhusiwa kupita. Askari wametenda haki kwa kadiri ya sheria, kwa kuwa sheria haiwezi kupima kilicho moyoni na kichwani mwa mtu, hupima karatasi. Leseni yashuhudia kuwa mtu ameruhusiwa. Haiwezi kushuhudia kuwa anamtambua jike wa kanga kwa mlio. Lakini maadili hayana udhuru wa sheria, nayo yakipima watu hawa wawili kwa mizani ya dhamana, yatapata taabu kusema kuwa aliye msafi ni yule mwenye karatasi.

Ingekuwa rahisi kukomea hapo na kumsifu mzee wa kijijini. Wapo wanaofanya hivyo, hasa wale ambao hawajalala hata usiku mmoja katika kijiji chake. Ukweli ni kuwa mzee huyo, au wanawe, ndio wanaotega vitanzi, na vitanzi vimekuwa mojawapo ya maangamizi makubwa ya misitu ya Udzungwa. Kitanzi cha kamba au cha waya hufungwa njiani mwa mnyama, kisha mtegaji huenda zake. Atarudi kesho, au keshokutwa, au mvua ikimzuia hatarudi. Kitanzi kilichotegewa paa humkamata kanga. Kilichotegewa kanga humkamata ndege wa Ndundulu, ambaye naye hutembea juu ya majani makavu kama kanga. Hakina macho. Mtegaji aweza kuwa na maarifa ya miaka hamsini, lakini wakati kitanzi chake kinapoua, maarifa hayo yako nyumbani yakiota moto. Sheria ya 2009 yakataza mitego ya namna hii, pamoja na sumu, mashimo, na kumulika wanyama kwa taa usiku. Na ingawa makatazo hayo yana historia isiyopendeza ya kuwanyang'anya wenyeji njia zao na kuwaachia wageni bunduki zao, sababu iliyomo ndani yake ni ya kweli. Njia hizo zote huua bila kuchagua.

Kwa hiyo kitanzi cha mzee na risasi ya mwanagenzi zina udugu ambao wenyewe hawaujui. Zote mbili hulenga kwa jumla. Tofauti yao ni kuwa mzee ana maarifa na ameyaacha nyumbani, na kijana hana maarifa na amekuja mwenyewe.

Yuko atakayesema kuwa haya ni maneno ya walioshiba. Nyama ya ng'ombe ina bei, na mtoto wa kijiji cha mlimani hana budi kupata kitoweo. Kumwambia ajue mlio wa jike kabla ya kula ni kumfanyia mzaha. Pingamizi hili lina nguvu, wala halijibiwi kwa kulipuuza. Lakini lamtetea mwenye njaa, na mwenye njaa siye anayezungumzwa hapa. Mwanagenzi mwenye leseni, bunduki na mafuta ya gari ametumia fedha nyingi kuliko bei ya kanga watano sokoni. Hakupanda mlima kwa ajili ya nyama. Alipanda kwa ajili ya kuwa mwindaji, yaani kwa ajili ya ujuzi na heshima inayofuatana nao. Naye akitafuta ujuzi kwa njia isiyo na ujuzi, ameipoteza ile hoja yake ya pekee. Mwenye njaa husamehewa mengi kwa sababu hakuchagua. Huyu amechagua hata rangi ya viatu vyake.

Pwani, ambako sheria ya Kiislamu imezoewa, liko jambo moja katika milango ya uwindaji ambalo wanafunzi wa fikihi hulipita upesi. Windo lililouawa na mbwa huwa halali ikiwa mbwa amefundishwa: akiitwa aje, akizuiwa azuilike, akikamata asile, na jina la Mungu litajwe anapoachiliwa. Mbwa asiyefundishwa akiua, nyama ile si halali, hata kama mwenye mbwa ni mcha Mungu na njaa inamuuma. Wanazuoni waliona kuwa uhalali wa nyama wategemea mafunzo ya mnyama aliyeishika. Ni ajabu basi kuwa ulimwengu wa leseni, ambao si wa dini moja, haujafika kumtaka mtu kile ambacho fikihi ilimtaka mbwa.

Je, mwanagenzi akatazwe? Hapana. Asiyejifunza hawezi kujua, na mlima usio na mtu wa kuujua hukosa pia wa kuutetea. Wengi waliopigania misitu na wanyama katika nchi mbalimbali walianza na bunduki. Aldo Leopold wa Marekani, ambaye maandiko yake ya mwaka 1949 yaliathiri fikira nyingi juu ya ardhi, alikuwa mwindaji tangu utotoni, na alizingatia sana kuwa mwindaji hana watazamaji wa kumshangilia wala kumzomea, hivi kwamba mwenendo wake hutegemea dhamiri yake tu. Swali ni mwanagenzi ajifunze kwa gharama ya nani, na kwa mpango upi. Watoto wa nyanda hizi walijifunza zamani kwa manati na ulimbo, juu ya ndege wadogo wa shambani walioharibu nafaka, na mara nyingi mkubwa alikuwa karibu. Mafunzo yale yalikuwa na ukatili wake, wala haifai kuyapamba. Hata hivyo yalikuwa na mpangilio: jicho kwanza, kisha mkono mdogo, kisha silaha. Mwanagenzi wa leo huanza na silaha, kwa kuwa ndicho kitu pekee kinachouzwa dukani.

Njia moja iko wazi, na ni ajabu kuwa haifuatwi mara nyingi zaidi. Mwenye ruhusa bila maarifa amfuate mwenye maarifa bila ruhusa. Apande naye mlima alfajiri za mwezi wa Juni, kabla ya msimu ambao kwa desturi hufunguliwa Julai, bila bunduki, asikilize. Mzee atamwonyesha mti wa kulala wa kanga kwa kinyesi kilicho chini yake, na njia ya kwale kwa manyoya yaliyobaki mahali wanapooga vumbi. Atamwonyesha pia mipaka, ambayo milimani haina ua wala jiwe kwa mwendo mrefu: kwale aliyefumuliwa kwenye ardhi ya kijiji huruka bondeni na kutua ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Udzungwa, iliyotangazwa mwaka 1992, au juu ya nyanda za Kitulo, zilizo hifadhi tangu 2005, na mkimbizi huyo hafuatwi. Mzee naye atapata ujira ulio halali kwa ujuzi ambao mpaka sasa umempatia hofu ya askari. Baadhi ya wawindaji wa zamani wamekwisha kuwa waongozaji wa watafiti katika misitu hii, na watafiti hawakuona aibu kuongozwa nao.

Iko shida moja ambayo haiondolewi kwa maneno. Mzee wa namna hiyo huenda alikwisha kufungwa kwa kosa la ujangili, na huenda kitanzi chake kipo msituni hadi saa hii. Kijana akimfuata atakuwa anajifunza heshima ya mlima kwa mtu ambaye sheria imemhesabu kuwa adui wa mlima, na askari atakayewakuta pamoja njiani atakuwa na haki ya kushuku. Wala mzee hana sababu kubwa ya kumwamini mgeni mwenye bunduki mpya anayetaka kuonyeshwa mahali ndege wanapolala. Mahali hapo ndiyo mali yake ya mwisho. Akimwonyesha leo, kijana aweza kurudi Jumamosi na wenzake wanne na gari, kila mmoja na leseni yake.